Missouri au Maine: shamba dogo na jirani mkubwa

Maine na Missouri ziliingia Marekani kama mapacha wasiofanana. Bunge la Washington, likihofia kuvuruga uwiano kati ya majimbo yenye utumwa na yasiyo nao, liliipokea Maine Machi 1820 kama jimbo huru, na Missouri ikafuata Agosti 1821 ikiwa na ruhusa ya kumiliki watumwa. Karne mbili baadaye majimbo haya yanatajwa tena pamoja, safari hii na watu wanaotaka kuondoka mjini, kununua ekari chache, kulima chakula chao, kufuga kuku na mbuzi, kuchimba kisima na kupunguza utumwa wa mshahara na duka. Miongoni mwa wanaouliza swali hili wamo pia wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi walioko Portland, Lewiston, Kansas City na St. Louis, ambao wengi wao jembe hawakulijulia ukubwani. Ukitumia vigezo vya kawaida, yaani urefu wa msimu wa kilimo, kodi na masharti ya ujenzi, Missouri inashinda bila kutoka jasho. Lakini vigezo hivyo vinapima wepesi wa kuanza tu. Anayetaka kudumu miaka ishirini hana budi kuuliza mambo mawili mengine: shamba dogo litapata wapi fedha taslimu, na sheria ya jimbo inasimama upande wa nani shamba hilo linapogongana na jirani mkubwa. Kwa maswali hayo mawili, Maine, pamoja na baridi yake yote, ni mahali pazuri zaidi kwa familia yenye mtaji mdogo na mikono mingi.

Kwanza Missouri ipewe haki yake, kwa sababu si ndogo. Ni jimbo la wakulima kwelikweli: sensa ya kilimo ya 2022 ilihesabu mashamba karibu 88,000, idadi inayozidiwa na Texas peke yake. Maine ilikuwa na karibu 7,000. Anayeanzisha shamba Missouri hakosi fundi wa trekta, mnada wa mifugo, duka la mbegu na daktari wa ng'ombe katika mwendo wa kawaida wa gari, na majirani wanajua tofauti ya nyasi kavu nzuri na mbaya. Mvua ni ya kutosha, takriban milimita 1,000 hadi 1,200 kwa mwaka. Msimu usio na jalidi huchukua miezi mitano na nusu, na kusini kabisa hupita sita, hivyo nyanya, bamia, viazi vitamu, tikiti na pichi hukomaa nje bila kubembelezwa. Milima ya Ozark, inayofunika sehemu kubwa ya kusini, ina chemchemi nyingi na misitu ya mialoni inayotoa kuni na mbao. Umeme wa vyama vya ushirika vijijini ni nafuu ukilinganisha na ule wa Maine, ambako ni ghali na nyumba nyingi bado hupashwa joto kwa mafuta.

Kisha kuna uhuru wa kujenga, na huu ndio unaowavuta wengi. Missouri haina kanuni za ujenzi za jimbo zima. Jambo hilo limeachiwa miji na kaunti, na kaunti nyingi za vijijini hazina kanuni yoyote wala mkaguzi. Mtu anaweza kuanza na chumba kimoja cha mbao au kontena, akaongeza chumba kila fedha zinapopatikana, kama watu wanavyojenga Mbagala au Chanika jijini Dar es Salaam, bila kumsubiri ofisa mwenye kalamu. Hata mfumo wa maji taka, ambao katika majimbo mengi humeza maelfu ya dola kabla hujaweka tofali la kwanza, umelegezewa: sheria ya jimbo inaiondoa katika sharti la kibali nyumba ya familia moja iliyo kwenye kiwanja cha ekari tatu au zaidi, mradi maji hayamfikii jirani na kaunti haina sheria kali zaidi. Maine ni tofauti. Kila mji wenye zaidi ya watu 4,000 unalazimika kufuata kanuni za jimbo za ujenzi na nishati, na popote ulipo, hata porini, mfumo wa maji taka lazima usanifiwe baada ya mtaalamu mwenye leseni kuupima udongo. Karibu nusu ya ardhi ya jimbo haimo katika mji wowote uliosajiliwa, lakini huko nako iko tume ya jimbo inayosimamia matumizi ya ardhi. Mwenye dola elfu kumi mkononi huiona tofauti hii mara moja, na asiyeiona hajawahi kujenga.

Kuhusu ardhi ya bure, tuifunge hadithi hiyo mapema. Sheria ya 1862 iliyogawa ekari 160 kwa aliyekubali kuishi juu yake na kuilima ilifanya kazi Missouri na haikufika Maine, ambako ardhi haikuwahi kuwa mali ya serikali kuu. Leo haipo popote kati ya hizo mbili. Ardhi inanunuliwa, na tangu 2020 bei zake zimepanda kote kwa sababu ya watu waliogundua kwamba wanaweza kufanya kazi ya ofisi wakiwa kijijini.

Sasa Maine. Asilimia karibu 90 ya jimbo hili ni msitu, kiwango kisichofikiwa na jimbo jingine lolote. Kaskazini, katika kaunti ya Aroos­took inayojulikana kwa viazi, wastani wa joto la Januari huko Caribou ni kama nyuzi 12 chini ya sifuri, na theluji ya mwaka mzima hukaribia mita tatu. Msimu usio na jalidi huko ni wa siku mia moja na kitu. Pwani na kusini hali ni nafuu, miezi mitano hivi, lakini hakuna anayepanda kiazi kitamu Maine bila kufikiri mara mbili. Udongo ni chachu na una mawe, na Aprili barabara za vijijini hugeuka tope. Anayesema kwamba baridi hii ni suala la moyo tu anadanganya: inahitaji ghala la nyasi la miezi sita kwa mbuzi, bomba la maji lililofukiwa chini kabisa lisigande, na kuni za kujaza ua zilizokatwa mwaka mmoja kabla.

Hata hivyo, hali ya hewa ndiyo kigezo kinachozidishwa uzito katika mjadala huu. Joto la Missouri nalo lina gharama zake, ila hazionekani kwenye picha za Mei. Malisho mengi ya jimbo hilo yamefunikwa na nyasi ndefu ya feskyu, aina iliyoanza kusambazwa miaka ya 1940, ambayo ndani yake huishi kuvu wenye sumu. Ng'ombe anayeila katika joto la Julai hupandwa na homa, hupunguza maziwa, hukataa kushika mimba, na majira ya baridi huweza kupoteza ncha ya mkia au kwato. Mkulima mkubwa huchanganya mikunde au hung'oa malisho yote na kupanda upya. Mwenye ng'ombe watatu huambiwa na fundi wa mifugo kwamba nyasi aliyoinunua pamoja na shamba ndiyo ugonjwa wenyewe. Ongeza ukame kama ule wa 2012, uliolikausha jimbo zima, na vimbunga kama kile kilichopiga Joplin Mei 2011 na kuua zaidi ya watu 150. Udongo wa Ozark ni mwembamba, umejaa changarawe, na chini yake kuna chokaa yenye matobo inayopitisha uchafu haraka hadi kwenye maji ya kisima. Neema ya chemchemi na hatari hiyo zinatoka katika mwamba mmoja. Maine kwa upande wake hupata mvua inayokaribia ile ya Missouri na iliyogawanyika vizuri katika mwaka, na baridi yake inaweza kuzungukwa kwa ufundi. Mkulima Eliot Coleman, aliyenunua ardhi Cape Rosier katika pwani ya Maine mwaka 1968, alionyesha kwa miongo mingi kwamba karoti, spinachi na majani ya saladi huvunwa katikati ya Januari ndani ya kitalu nyumba kisicho na moto, ikiwa mboga zilipandwa kwa wakati na kufunikwa kwa kitambaa chepesi juu yake. Mbinu hiyo inadai hesabu ya tarehe na plastiki, vitu ambavyo familia maskini inaweza kuvimudu. Dawa ya ukame wa mwaka mzima juu ya udongo mwembamba haijauzwa dukani.

Twende kwenye fedha, maana hapo ndipo ndoto nyingi huzikwa. Majimbo yote mawili yana mtakatifu wake wa maisha ya shamba. Missouri ina Laura Ingalls Wilder, mwandishi wa vitabu vya watoto, aliyefika Mansfield na mumewe Almanzo mwaka 1894 na kununua shamba la mawe waliloliita Rocky Ridge. Maine ina Helen na Scott Nearing, waliohamia Cape Rosier mwaka 1952 na miaka miwili baadaye wakachapisha kitabu kilichokuja kuwatoa mjini maelfu ya vijana wa miaka ya 1970. Watu huwataja kama ushahidi kwamba shamba linaweza kumlisha na kumvika mtu. Maisha yao yanasema jambo jingine. Akina Wilder walilazimika kuhamia mjini kwa miaka, mume akisomba mizigo na mke akipikia wapangaji, ili shamba liweze kulipiwa na kupanuliwa. Baadaye Laura aliandika makala za gazeti la wakulima, na unafuu wa kweli uliletwa na vitabu vilivyoanza kutoka 1932. Akina Nearing walikuwa na vitabu, mihadhara na mauzo ya bluberi. Sitaki kuwadharau, kazi ya mikono yao ilikuwa kubwa na nyumba yao ya mawe bado imesimama. Ninachosema ni kwamba kodi ya ardhi, dizeli, bima ya afya na meno ya watoto havilipwi kwa maboga, na hakuna jimbo la Marekani ambako mambo hayo hayadaiwi kwa dola.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: ekari tano zinaweza kuzalisha dola ngapi katika kila jimbo, na kwa njia gani? Uchumi wa kilimo wa Missouri umejengwa juu ya bidhaa za jumla, yaani soya, mahindi, nguruwe, kuku na ng'ombe wa nyama. Kwa ng'ombe wa nyama jimbo hilo liko miongoni mwa matatu ya kwanza nchini. Mfumo huo unamfaa mwenye ekari mia tatu. Mwenye ekari kumi akiingia humo anakuwa muuza ndama wawili kwenye mnada ambako bei imepangwa na wengine, na ndama wawili hawalipi hata bima ya gari. Njia yake ya kupona ni kumkwepa dalali na kumfikia mlaji mwenyewe, na hapo jiografia inamsumbua: St. Louis na Kansas City ziko kwenye pembe mbili za jimbo, na kaunti za Ozark zenye ardhi ya bei rahisi ni rahisi kwa sababu hazina wanunuzi wenye fedha. Siwezi kusema Missouri inawazuia wauzaji wadogo. Maziwa mabichi yanaruhusiwa kuuzwa moja kwa moja kutoka shambani, na mwaka 2022 jimbo liliondoa ukomo wa dola 50,000 kwa vyakula vinavyotengenezwa nyumbani, tena likaruhusu kuviuza kwa intaneti ndani ya jimbo. Mlango uko wazi, isipokuwa wateja wako mbali.

Maine ina watu milioni 1.4 tu, chini ya robo ya Missouri, na kwa haraka mtu angedhani soko lake ni dogo mno. Lakini watu wake wengi wamekaa kusini na pwani, ukanda uleule wenye hali ya hewa nafuu. Majira ya joto humiminika watalii. Na Boston haiko mbali. Zaidi ya hayo, kwa miaka hamsini jimbo hili limejenga asasi ambazo mkulima mdogo hawezi kuzijenga peke yake. Chama cha wakulima wa kilimo hai, MOFGA, kilianzishwa 1971 na ni miongoni mwa vikongwe vya aina yake nchini. Kinafundisha vijana kwenye mashamba ya wakulima wenyeji, kinatoa vyeti vya kilimo hai, na kila Septemba huendesha maonyesho makubwa mjini Unity. Kampuni ya mbegu ya Johnny's, ambayo tangu 1973 imekuwa ikijaribu mbegu kwa ajili ya misimu mifupi, ina makao jimboni humo. Mlaji wa Maine amezoea kumwuliza muuzaji jina la shamba, na mazoea hayo ni mtaji ambao haupo kwenye jedwali lolote la kulinganisha majimbo. Faida yake ni kwamba ekari mbili za mboga zilizo karibu na Belfast au Brunswick zinaweza kutunza kaya kwa kiasi ambacho ekari arobaini za malisho katika kaunti maskini ya Ozark haziwezi.

Hoja ya sheria ndiyo nzito zaidi, na hapa katiba za majimbo haya mawili zinajieleza zenyewe. Agosti 2014 wapiga kura wa Missouri walipitisha kwa upenyo wa kura elfu mbili na ushei, kati ya takriban milioni moja, kifungu kinacholinda haki ya wakulima na wafugaji kufanya kilimo. Novemba 2021 wapiga kura wa Maine walipitisha, kwa wingi wa wazi, kifungu cha kwanza cha aina yake nchini kinachompa kila mtu haki ya asili ya kuweka na kubadilishana mbegu, kulima, kufuga, kuvuna, kuzalisha na kula chakula anachokichagua kwa ajili ya lishe na afya yake. Kwa kusikia tu, vyote viwili vinamtetea mkulima. Tofauti inaonekana ukiuliza nani alivihitaji. Kile cha Missouri kiliungwa mkono na vyama vikubwa vya wazalishaji wa soya, mahindi na nguruwe, vikihofia sheria za baadaye za mazingira na ustawi wa wanyama. Wakulima wadogo wengi walikipinga. Kile cha Maine kilitokana na ugomvi wa maziwa na kuku wa kijijini. Mji mdogo wa Sedgwick ulitangulia mwaka 2011 kwa kupitisha sheria yake ya kuruhusu mkulima amwuzie jirani chakula bila leseni ya jimbo, na miji mingine ikaiga. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Maine ilimhukumu mkulima wa Blue Hill aliyeuza maziwa mabichi bila leseni akitegemea sheria kama hiyo. Badala ya kunyamaza, watu walirudi bungeni, na mwaka 2017 Maine ikawa jimbo la kwanza kuitambua kisheria mamlaka ya miji juu ya mauzo hayo ya ana kwa ana. Wizara ya kilimo ya Washington ilipotishia kuondoa kibali cha ukaguzi wa nyama, bunge la jimbo lilikutana tena mwaka huohuo na kutoa nyama na kuku katika sheria hiyo. Ushindi ulikuwa nusu, lakini nusu ya maana.

Missouri nayo ilikuwa ikielekea kwingine. Kaunti kadhaa, zikichoshwa na harufu na maji machafu ya mabanda yenye maelfu ya nguruwe, zilikuwa zimetunga kanuni zao za afya kuhusu umbali na utupaji wa samadi. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilipitisha sheria inayozikataza kaunti kuweka masharti makali kuliko ya jimbo kwa mabanda hayo, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Missouri ikaiacha isimame. Tafsiri yake kwa mwenye shamba dogo ni hii: kaunti isiyo na sheria ya kumkataza yeye kujenga kibanda haina pia sheria ya kumzuia jirani kuleta nguruwe elfu tano upande upepo unakotokea, na hata wakazi wakitaka kuitunga, hawaruhusiwi. Mwenye ekari elfu moja huweza kuuhimili uhuru wa namna hiyo kwa sababu nafasi yenyewe ni kinga. Mwenye ekari kumi hana kinga ila sheria. Wanaoandika kwa furaha kwamba Missouri vijijini hakuna anayekuingilia wamesahau kumalizia kwamba hakuna pia atakayemwingilia anayekudhuru.

Hoja ya kupinga iko, tena ni kali, na imetoka Maine yenyewe. Kwa miongo kadhaa mashamba ya jimbo hilo yalipewa tope la maji taka ya miji na viwanda vya karatasi kama mbolea, kwa kibali cha serikali. Baadaye ikagundulika kwamba tope hilo lilikuwa na kemikali za PFAS, zisizooza, zilizopenya kwenye udongo, visima, maziwa na damu ya wakulima. Baadhi ya waliofunga mashamba yao walikuwa wa kilimo hai ambao wenyewe hawakuwahi kumwaga tope. Walilirithi tu kutoka kwa mmiliki aliyetangulia. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba hapa ndipo ilipowafikisha serikali yenye kanuni nyingi. Jibu langu si kuitetea serikali hiyo kwa kosa lake. Ni kutazama ilichofanya baada ya kosa kujulikana: mwaka 2022 Maine ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku umwagaji wa tope hilo ardhini, ikatenga dola milioni 60 kuwasaidia wakulima walioathirika, na ikaanza kupima ardhi zilizowahi kupewa kibali. Tope si tatizo la Maine peke yake. Maine ndiyo iliyopima. Kusini-magharibi mwa Missouri, katika kaunti za Newton na McDonald, wakazi walilalamika miaka mingi juu ya taka za viwanda vya nyama zilizohifadhiwa kwenye mabwawa na kumwagwa mashambani, na sheria ya kuzidhibiti ilipatikana 2024. Anayenunua shamba Maine lazima adai majibu ya maabara ya udongo na maji kabla ya kutia saini. Anayenunua Missouri anapaswa kudai vilevile, na atapata shida zaidi kujua ni nini cha kutafuta.

Wengine hupinga kwa kusema kifungu cha 2021 ni maneno ya kupamba. Ni kweli kwamba kina mipaka. Wawindaji walipodai kwamba kinawapa haki ya kuwinda Jumapili, Mahakama ya Juu ya Maine iliwakatalia Machi 2024. Lakini hakuna mkulima mwenye akili anayetegemea katiba imvunie. Anachohitaji ni hakika kwamba halmashauri ya mji haitamwamsha siku moja na kumwambia kuku wake sita ni kosa. Kuhusu kodi, wapinzani wana hoja iliyo sawa zaidi: Maine hutoza kodi ya mapato kubwa kuliko Missouri, na ardhi ya kilimo ya Missouri hukadiriwa kwa asilimia 12 ya thamani ya uzalishaji wake, kiasi kwamba malisho hulipiwa kodi karibu bure. Hata hivyo kaya ya shamba dogo yenye kipato kidogo haiguswi sana na viwango vya juu vya kodi ya mapato, Maine ina mipango yake ya kupunguza kodi kwa msitu na shamba linalolimwa, na Missouri hutoza kila mwaka kodi ya magari na mifugo ambayo wageni huisahau kwenye hesabu. Tofauti inabaki, ila ni ya mamia ya dola, na mauzo ya Jumamosi mbili sokoni yanaweza kuizidi.

Afya inalingana kuliko watu wanavyodhani. Majimbo yote mawili yalipanua bima ya umma kwa wenye kipato cha chini kwa kura ya wananchi, Maine ikianza kuitoa 2019 na Missouri 2021. Kupe wako kote: Maine wanaleta ugonjwa wa Lyme, na Ozark kuna kupe ambaye mate yake huweza kumwachia mtu mzio wa nyama nyekundu, dhihaka isiyo na huruma kwa mfugaji. Visima vya Maine vilivyochimbwa kwenye mwamba vina arseniki; takriban kimoja kati ya kumi huzidi kiwango salama. Missouri ya kusini-mashariki ina urithi wa migodi ya risasi. Pima maji, popote uendapo.

Kwa wanaotoka kwetu, mfano ulio hai zaidi uko nje kidogo ya Lewiston, katika mji wa Wales. Huko jumuiya ya Wasomali Wabantu, ambao mababu zao walichukuliwa karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na ambao baadhi yao bado wanasema lugha ya jamaa na Kizigula cha Handeni, inaendesha Liberation Farms kwenye ardhi ya zaidi ya ekari 100 waliyoipata kwa mfumo wa umiliki wa jumuiya. Familia zina viwanja vyao, na vikundi hulima pamoja mahindi kwa ajili ya unga na mboga za kuuza. Linganisha na Noel, mji mdogo wa Missouri, ambako Wasomali wengi walivutwa na kazi ya kiwanda cha kuku cha Tyson mpaka kilipofungwa 2023. Sidai kwamba mji mmoja unaeleza jimbo zima, wala kwamba Missouri haina wakulima wakimbizi, St. Louis wapo. Lakini tofauti hiyo inafuata mantiki ileile: uchumi wa bidhaa za jumla ulimpokea mgeni kama mkono wa kulipwa kwa saa, na uchumi wa masoko ya karibu ulimpa nafasi ya kuuza alichokilima. Mikopo midogo ya wizara ya kilimo ya Washington, isiyozidi dola 50,000, inapatikana kwa masharti yaleyale katika majimbo yote mawili, kwa hiyo haielezi tofauti hiyo.

Kuna kaya ambayo ningeishauri Missouri bila kusita: ile ambayo mmoja wao ana mshahara wa uhakika Springfield au Columbia, inayotaka ekari arobaini za ng'ombe na mbuzi kwa chakula chake na haikusudii kuishi kwa kuuza mboga, na ambayo ingependa kujenga polepole kwa fedha taslimu kuliko kukopa. Kwa kaya hiyo wepesi wa kuanza ni jambo lenyewe. Ila kabla ya kulipa, iende ofisi za idara ya maliasili ya jimbo ikaangalie vibali vya mabanda makubwa vilivyotolewa na vilivyoombwa katika kaunti hiyo, iulize upepo wa kiangazi unavuma kutoka wapi, na ipeleke sampuli ya nyasi maabara ikapimwe kuvu.